Ngwara Mwitu na Upenyo wa Korongoni

Sogeeni wanangu, sogeeni kabisa mpaka kitandani, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na sitaki kesho mtu aseme alisikia nusu. Fabian, zima hiyo redio. Hosiana, kama unarekodi kwa simu, rekodi, ila iweke juu ya kabati, usinishikie mdomoni nikajiona nahojiwa. Raymond, kaa chini. Najua kesho alfajiri una watalii wa kuwashusha kreta ya Ngorongoro, lakini kreta haihami, na mama yako anahama. Lilian, mwanangu, wewe endelea kunikanda hii miguu. Na mzee Kimaren akae kwenye kile kiti cha marehemu baba yenu, na mtu asimkodolee macho, kwa kuwa hakujileta, nimemwita mimi.

Mnajua nilivyorudishwa kutoka hospitali. Yule daktari ni kijana mwenye adabu, alizungukazunguka, mara moyo umekuwa mkubwa, mara maji yamejaa, mpaka nikamwambia, baba, sema tu mama nenda nyumbani. Akaangalia chini. Basi nimekuja nyumbani, na sioni sababu ya kulia, Hosiana, futa hayo machozi unisikilize, utalia vizuri zaidi ukishajua umeachiwa nini.

Kiwanja cha barabarani, kile kinachotazama lami, ni cha Raymond, kwa kuwa kazi yake ni ya magari na watu wa kupita, na mwenye akili hiyo akae barabarani. Shamba la Endamarariek alilonunua baba yenu ni la Hosiana, na mtu asiniambie mambo ya binti kuolewa. Ameolewa hukohuko, analiona kila asubuhi, nani atalitunza kumshinda? Nyumba hii na shamba la juu, la mahindi na maharage, ni vya Fabian na Lilian, ambao wameninawisha nilipokuwa siwezi kunawa. Ng'ombe wa baba yenu waliowekeshwa kwa marafiki, yule aliye kwa Yohana kule Mbulumbulu na wale wengine mnaowajua, mkimaliza matanga mtapita kuwakusanya pamoja na ndama wao, kama ilivyo desturi ya ukoo wenu, na mtagawana bila kupigana. Ninyi ni Wairaqw, hayo ya kuwekesha ng'ombe mnayajua kuliko mimi Mnyiramba. Hati ya shamba lote ina jina langu, mwenyekiti wa kitongoji anajua, na niliyosema ndiyo yatakayokuwa.

Limebaki korongo. Na ni kwa ajili ya korongo nimewaita, maana hayo mengine hata katekista angeweza kuwasomea.

Nimeona mashimo. Mliponishusha kwenye gari mlidhani mama amelala, lakini nilikuwa nimefumbua macho, nikaona mashimo ya nguzo yamepangwa kutoka kwenye ule mti wa mgrevilea mpaka kule ulipo upenyo wanaopitia ng'ombe wa Kimaren, na stoo nimeambiwa kuna marobota ya seng'enge ambayo Raymond kayaleta kutoka Arusha. Nimelazwa siku chache tu, mmekwisha kunizungushia uzio! Raymond anataka mahema ya wageni pale ukingoni, walale wakitazama bonde. Fabian hataki mahema, anataka tu ng'ombe wa Kimaren wasikanyage tena hapa, ndiyo maana kachimba yeye mwenyewe, kwa mkono ule. Kila mmoja ana lake, mmekutana kwenye seng'enge. Sikasiriki. Nasema tu kwamba mnafunga kitu msichokijua, na nisipowaeleza leo, hamtakijua tena.

Kwetu Iramba, kabla baba yangu hajatuleta huku kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, mvua ilikuwa ikikosa, na ikikosa mama yangu alikuwa akienda porini kuchuma ngwara mwitu, jamii ya maharage ya porini. Alichemsha mbegu zile, akamwaga maji, akachemsha tena, akamwaga, na ya tatu ndiyo tuliyokula, kwa sababu maji ya kwanza ni machungu na yanasokota tumbo. Nilipoolewa hapa Rhotia niliukuta mmea uleule umejiotea pembeni ya barabara, watu wanaupita. Nikachukua mbegu zangu kidogo nikazipanda ukingoni mwa korongo, shangazi za baba yenu wakacheka kwamba Bonaventura kaoa mwanamke anayepanda magugu. Niliwaacha wacheke. Wakati huo korongo lilikuwa linakula shamba letu kila masika, unalala una mistari ya mahindi, unaamka mingine imekwenda na maji. Ngwara mwitu iliposhika pale, likaacha.

Sasa sikilizeni inavyopandwa. Mbegu yake ina ganda gumu. Ukiitupa ardhini hivihivi itakaa hata miaka miwili inakutazama. Isugueni kwenye jiwe la kusagia pamoja na mchanga, au mwagieni maji ya moto yaliyotoka kuchemka, muiache humo mpaka asubuhi. Zilizovimba pandeni, zisizovimba zisugueni tena. Msipande na mvua ya kwanza, subirini udongo ulowe mpaka chini. Halafu muwe na subira, maana mwezi wa kwanza haifanyi lolote, imekaa tu na majani yake mawili kama imesahau kazi iliyoletewa, na hapo ndipo watu wanapoing'oa. Kumbe inashuka. Mzizi unakwenda chini kwanza. Mahindi yakifika magotini ndipo inapoanza kutambaa, na ikianza huizuii.

Lilian, unacheka kwa sababu unajua nakuja kwako. Waambie, au niwaambie mimi? Alipoolewa, wiki ya kwanza, bibi harusi anataka mkwe amsifu, akaamka kabla ya jogoo akapalilia ukingo wote wa korongo mpaka ukang'aa. Mstari mzima! Nilipofika nikamkuta amesimama na jembe, jasho linamtoka, anangoja nimwambie ahsante. Nikamwambia ahsante. Ningesema nini? Nilikuwa na mbegu kwenye kibuyu, tukapanda upya mimi na yeye, na tangu siku hiyo hajang'oa hata mche mmoja bila kuuinamia kwanza. Shina la mche lina rangi ya zambarau pale chini, kwenye udongo. Hiyo ndiyo alama. Mche wa maharage ni kijani mpaka ardhini.

Raymond, shika hilo tawi alilolileta Lilian. Usiliangalie juujuu. Jani moja limegawanyika mara tatu. La katikati ni pana, limekaa sawasawa pande zote mbili. Haya ya pembeni yamekaa upande, tumbo moja nene, jingine jembamba. Ua ni la zambarau, na kikonyo chake kinasimama juu ya majani, hakiinami. Ukiona maua ya zambarau iliyoiva yananing'inia chini kama zabibu, na ganda lina manyoya ya dhahabu, usiguse, huo ni upupu, utajikuna mpaka uvue shati mbele ya wageni wako. Ukiona maua meupe madogo yamejibana shinani, hicho ni chakula kizuri cha ng'ombe lakini si hii. Nusa ua. Asubuhi lina harufu nzuri, jioni hamna kitu. Ganda ni bapa, limepinda kama mundu mdogo, na ukipitisha kidole ukingoni kunakwaruza. Mimi sasa macho yananikataa, natumia kidole tu. Ndani kuna mbegu tatu, nne ukibahatika, ndogo, za kahawia zenye madoadoa, na kila moja ina mstari mweupe ubavuni. Bila mstari mweupe, tupa.

Na msiseme ngwara ni ngwara. Wewe Raymond ndiye uliyeleta ile ya sokoni mwaka ule, ukanijazia mapengo ya ukingoni kwa nia njema, mbegu kubwa nyeusi za kupendeza. Ilikua, ilikua haraka kuliko yangu, ukanionyesha kwa fahari. Mwezi wa tisa nenda kaiangalie. Ilikuwa imekauka yote, na yangu ilikuwa kijani, inachanua, wakati hata majani ya mgrevilea yanadondoka. Kama siku moja mtachanganyikiwa mmesahau yote niliyosema, jani, ua, ganda, basi ngojeni mwezi wa tisa, muende korongoni, na kitakachokuwa kijani ndicho chenyewe. Maganda myachume asubuhi yakiwa na umande, kabla hayajakauka sana, maana yakikauka yanapasuka yenyewe na kutupa mbegu mbali, ndivyo lilivyo la porini, halingoji mtu.

Nipe maji, Hosiana. Kidogo tu. Ahsante.

Sasa ukame. Mnaukumbuka, ule uliokuja baada ya corona. Maharage hayakutoka, mahindi yalitoka yakafia kiunoni. Wenzetu wafugaji kule juu Ngorongoro walikuwa wanapoteza ng'ombe kila siku, ng'ombe anapiga magoti haamki, na Kimaren akashuka na waliobaki kutafuta mabua. Mabua yenyewe hayakuwepo. Kijani ilikuwa moja tu Rhotia nzima, korongo letu. Ng'ombe wana macho, na vijana wanaochunga wana macho. Waliingia mchana, tukiwa kwenye mazishi ya jirani, na mpaka mbiu inapigwa walikuwa wamekula majani, maua, maganda makavu, mpaka vikonyo. Fabian alifika wa kwanza, peke yake, na fimbo. Saruni, mtoto wa huyu mzee, naye alikuwa na fimbo, na alikuwa na siku nyingi hajala.

Mkono wa Fabian ulivunjika mahali pawili. Mnajua ulivyounga. Fabian hawezi kuunyanyua kupita bega, jembe analipiga nusu, na usiku wa baridi namsikia anageuka kitandani, upande wa pili wa ukuta wangu. Mimi ni mama yake. Siku ile nilitaka Saruni afungwe, na nilitaka ng'ombe wale wafe wote njiani. Nasema kweli mbele ya baba yake, na baba yake hili analijua, nilimwambia machoni.

Kimaren alikuja siku ya tatu. Hakumtuma mtu. Alikuja na wazee wenzake wawili na mtamba, na mtamba yule alikuwa mmoja kati ya wachache waliobaki, mbavu zinahesabika. Alisimama pale uwanjani, akasema mtoto wangu amemvunja mtoto wako. Mwenyekiti wa kitongoji alipatanisha, mtamba akabaki. Ndiye huyu ng'ombe tunayemkamua. Fabian hajawahi kuonja maziwa yake hata tone, ananunua ya pakiti dukani, na sijamsema kwa hilo. Mkono ni wake.

Ila nisikilizeni lililofuata. Njaa ile tulikula kila kilichokuwamo ndani, na mwishoni tulikula na mbegu za kwenye kibuyu. Nilizichemsha mwenyewe, nikamwaga maji mara mbili, tukala. Watoto walikuwa na njaa, nisingeweka mbegu kibuyuni huku mtoto analia. Mvua zikarudi, na mnakumbuka zilivyorudi, kwa hasira. Korongo halikuwa na kitu ukingoni. Usiku mmoja likachukua choo chetu kizima, na bati lake, asubuhi Lilian akatoka na ndoo ya maji akasimama anatazama hewa. Ninyi mlicheka. Mimi nilipima kwa macho kutoka pale choo kilipokuwa mpaka kwenye ukuta wa chumba hiki nilicholala, sikucheka.

Nilitafuta mbegu. Nilirudi barabarani nilikoikuta mara ya kwanza, greda lilikuwa limepita. Niliuliza Mbulumbulu, nikauliza Endamarariek, kila mtu ananiletea ya sokoni. Nikajua imekwisha, na iliyomaliza ni ng'ombe wa Kimaren.

Halafu siku moja Kimaren akanipigia simu. Akasema, mama Raymond, kuna mmea umeota kwenye ronjo letu la zamani, lile boma la kiangazi tulilohama, umejaa zizi zima, ndama wanaupenda, una maua yanayofanana na yale tuliyowalia. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia kama ni dhihaka atafute mtu mwingine. Usiku sikulala, asubuhi nikapanda bodaboda mpaka njia ilipoisha, Kimaren akanipokea, tukatembea, mimi na magoti haya. Zizi lilikuwa la kijani. Niliinama nikaangalia jani, nikaangalia shina chini, nikapasua ganda. Mstari mweupe. Nililia kama mtoto, wanangu, mzee wa watu akageukia upande mwingine akajifanya anaangalia mbuzi.

Mmeelewa? Ganda lile gumu, lisiloota mpaka ulisugue na jiwe, tumbo la ng'ombe lililisugua. Walikula kwangu, wakatembea, wakaangusha mbolea zizini, mvua ikanyesha. Na kule Ngorongoro kulima hakuruhusiwi, hakuna jembe, hakuna bibi harusi wa kupalilia, hakuna mtu mwenye njaa anayeijua hata aile. Nilimwuliza Kimaren mbona hakuchuma akapanda kwake. Akaniambia yeye tangu azaliwe hajachimba ardhi, kwao mzee hashiki jembe, Mungu ameotesha, inatosha. Nikachuma nilizoweza kubeba kwenye khanga, nikarudi, na korongo mnaloliona leo limetulia ni kwa ajili ya khanga ile.

Pale pale zizini tulikubaliana, mimi na yeye, bila baraza. Kila mwaka, maganda yakishakauka na mimi nikishachuma yangu, ng'ombe wake wachache wanaingia kwa upenyo ule mmoja, wanakula mchana mmoja, wanatoka, wanapanda juu. Mnadhani nimekuwa nikimwonea huruma. Hapana. Baba yenu alikuwa akiwekesha ng'ombe kwa marafiki ili ugonjwa ukiingia kwake usimalize wote. Mimi nawekesha mbegu. Zinakwenda kwa Kimaren tumboni mwa ng'ombe, na siku hapa itakapokwisha, kwa ukame, kwa jembe, kwa wadudu, kwa watoto wenye njaa, mtakwenda kuzichukua kule. Ng'ombe mtawakusanya nikifa. Mbegu msizikusanye. Mkifunga upenyo, kule zizini ndama wataimaliza, na ngwara mwitu itabaki na nyumba moja tu duniani ninayoijua, na nyumba hiyo niliwahi kuiona ikiwa tupu.

Niinueni kidogo. Mto. Hapo, hapo panatosha.

Korongo... nalitoa kwa Fabian.

Raymond, usiinue mabega, una barabara. Nilifikiri kumpa Lilian, kwa kuwa ndiye anayeijua, lakini ningekuwa nimeweka ugomvi kitandani mwa watu. Nilifikiri kumpa Hosiana, yuko mbali. Na nilifikiri kuandika kwamba upenyo usifungwe milele, katekista akasema inawezekana, tutatia sahihi. Nikakataa. Upenyo ulioachwa wazi kwa karatasi utafungwa siku karatasi ikipotea. Fabian ndiye aliyevunjwa, na yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kusema ng'ombe wapite au wasipite. Raymond akisema wapite, anatoa nini? Hakuumia. Nikisema mimi, nakufa. Kwa hiyo ni lako, Fabian, na mashimo yako, na seng'enge ipo stoo, na sikupi laana ukifunga. Nisikie vizuri. Sikuachii laana. Mama hamwachii mtoto laana kwa ajili ya majani. Nakuomba tu. Mimi niliyekuzaa, niliyekushika ule mkono daktari akiuvuta na wewe ukiniuma bega, mimi nakuomba uache ng'ombe wa huyu mzee wapite.

Usinijibu kwa kuwa nakufa. Nijibu kama...

Anakwenda wapi? Fabian. Mwacheni, Raymond, keti. Usimfuate. Nimesema keti! Ana haki ya kutoka nje, chumba kina joto.

Basi ngoja nimalize, nisije nikakatika katikati. Mazishi. Nizikeni pembeni ya baba yenu, misa fupi, padri asinisifu sana, watu wananijua. Jeneza la mbao za kawaida. Kuna jambo najua mmelipanga, nimesikia Hosiana akimnong'oneza Lilian jikoni, kwamba mtanipandia ngwara mwitu juu ya kaburi. Msipande. Nakataa. Kaburini mtaipalilia kwa heshima, mtaiwekea uzio, ng'ombe akikaribia mtamfukuza kwa mawe kwa sababu ni kaburi la mama, na mwaka wa tatu itakuwa imekufa, imekufa kwa heshima. Wekeni mawe tu. Mkitaka kunikumbuka nendeni korongoni.

Hosiana, ile mitungi miwili ni yako. Vitenge gawaneni na Lilian. Simu yangu... mpeni mtoto yeyote anayeitaka, imekwisha chaji siku zote.

Nimechoka. Mungu aliyenitoa Iramba nikiwa nimeshika nguo ya mama yangu, akanipa hapa mume na ninyi, awape mvua kwa wakati wake, na asipowapa mvua, awape kitu cha kijani cha kuanzia. Awape ninyi watatu mlango mmoja wa kubishana na kurudiana. Lilian, awape watoto wako macho ya kuinama kabla ya kung'oa. Raymond, barabara zako ziwe salama. Hosiana, mama yangu wewe, usilie. Na Fabian, kokote alikosimama hapo nje, nambariki, mikono yote miwili, ule mzima na ule...

Hicho nini?

Hicho kinachogonga. Si jembe hilo? Hosiana, nyamaza nisikie. Ni jembe. Anachimba? Anamalizia mashimo yake. Haya. Haya, ni lake, nimempa mwenyewe, sitarudisha neno. Lilian, nenda dirishani. Usinifiche. Anachimba?

Sema kwa sauti.

Anafukia.

Anafukia... Kwa mkono ule? Asubiri basi, atajiumiza, nani atamsaidia... hapana, Raymond, kaa, wewe usiende. Kimaren? Mzee, unakwenda wapi, mbona umeinuka? Hujaaga. Lilian, mwangalie, amekwenda wapi?

Amechukua nini?

Jembe. Kimaren ameshika jembe.

Analishikaje? Vibaya? ... Mwacheni alishike vibaya. Msitoke nje kumfundisha, mtu yeyote asitoke. Fungua hilo dirisha, mwanangu. Fungua kabisa, niwasikie.